Aliyekata Bega

Kibomet, Kitale
4 Machi 2024

Wifi yangu Wangechi,

Pokea salamu nyingi kutoka hapa Kibomet. Sisi hatujambo, tunaendelea kuzoea. Watu wameshageuza mashamba na kila mtu anatazama juu akingoja mvua. Mahindi ya Uganda yanaingia kwa wingi kupitia mpakani Suam, kwa hivyo wale waliofungia yao ghalani wakingoja bei ipande sasa wananuna. Nyaruai amerudi chuoni salama na ameniambia nikusalimu wewe, mumeo Absalom na Derrick. Goti la Absalom likoje?

Ningekupigia simu, lakini tangu masikio yako yagome, kukupigia ni kuwapigia kelele majirani wako tu. Na kuhusu ujumbe mfupi, ulisema herufi zake ni ndogo kama chawa. Basi tuandikiane kama Kiragu alivyokuwa akituandikia kutoka kambini. Bahasha hii nitaipeleka kwa watu wa mizigo pale stendi, wataiacha Kanduyi kwenye duka lile unalonunulia unga.

Sasa neno lililonifanya nishike kalamu. Pensheni ya Kiragu ilisimama mwezi ule ule tuliomzika. Nilikwenda afisi ya pensheni na cheti cha kifo, vitambulisho vyetu, na kile cheti alichopewa alipostaafu jeshini. Mama aliyenihudumia alikuwa mpole. Alisema haki ya mjane ipo, ila kwenye faili ya Kiragu, mahali pa mke, hapana kitu. Aliingia jeshini akiwa kapera na hakurudi kurekebisha. Wamjua ndugu yako. Viatu alivipiga rangi kila asubuhi mpaka akazeeka, lakini karatasi hata kuitazama hakutaka. Na kwa kuwa hatukufunga ndoa kanisani wala serikalini, nimeambiwa nilete barua ya chifu kwamba tulioana kwa mila.

Nikaenda kwa naibu wa chifu, Bwana Kemboi. Yeye ni mtu wa Mlima Elgon, si Mkikuyu, akataka aelezwe ngurario ni nini. Nikamwambia ni siku ambayo bwana arusi anakata bega la mbuzi mbele ya wazee wa pande zote mbili, na baada ya hapo hakuna anayeweza kusema hawa si mume na mke. Akaniuliza ilikuwa mwaka gani. Nikamwambia elfu mbili. Akafungua cheti cha jeshi, akasoma, akainua macho. "Mama, si mwaka huo Sajini alikuwa Sierra Leone? Sasa nani alikata?"

Nikamwambia nitauliza nyumbani. Wifi, nimwambie nani?

Wako,
Rosaline

Kanduyi, Bungoma
29 Machi 2024

Mama Nyaruai,

Barua yako nimeipata ikinuka mafuta ya taa. Sijui watu wa mizigo waliifunga na nini. Sisi tu wazima. Goti la Absalom linauma akitumwa dukani, akiitwa kula linapona. Derrick amepata kibarua cha kupaka rangi nyumba za kupangisha huku nyuma ya uwanja. Biashara yangu ya chapati iko sawa. Siku za mechi pale uwanjani naishiwa hata na unga wa kunyunyiza.

Nimefurahi kusikia Nyaruai yuko chuoni. Mtoto huyo ana kichwa, na amebeba jina la mama yetu, asije akaliangusha.

Kuhusu hilo la chifu, mbona unajisumbua? Sema ni Gathogo. Yeye ni binamu yetu, ni mwanamume, na ndiye aliyekuwa ametumwa siku ile kusimama mahali pa Kiragu. Nimemwandikia kwa simu ya Derrick na amekubali hata kabla sijamaliza kumweleza. Sasa ukimuuliza atakwambia mpaka rangi ya mbuzi. Kubali, chukua barua yako, upate haki yako ule kwa amani.

Usisahau kuweka chokaa kwenye ile migomba.

Dada yako,
Wangechi

Kibomet, Kitale
15 Aprili 2024

Wifi yangu,

Mvua imekuja, asante Mungu, na imekuja na fujo zake. Paa la jikoni limeng'oka kona moja nikaligandamiza na tairi. Chokaa nimeweka. Nakusalimu sana, na Absalom mwambie akienda dukani atembee kwa mguu ule mwingine.

Siwezi kusema ni Gathogo. Umenikataza kulitaja jambo hili tangu nilipoingia kwenu, na nimetii. Leo wacha nilitaje mara moja, kwa maandishi, usiweze kuniziba mdomo.

Siku ya ngurario baba yangu, Mzee Gichuki, alikuwa ametolewa nje na godoro lake. Alikuwa amesema hafi kabla hajaona binti yake ameolewa kisawasawa, na sote tuliona siku zake zimekwisha. Mbuzi ameiva, wazee wamenawa, na Gathogo wenu haonekani. Baba yenu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, Kiragu yuko Sierra Leone, na upande wenu mmebaki wanawake na wajomba, na mjomba hasimami mahali pa bwana arusi. Wazee wetu wakaanza kunong'ona kwamba watu waende nyumbani. Nilikuwa nimeketi kwenye mkeka natamani ardhi inimeze.

Ndipo ukaingia katikati, leso imekazwa kiunoni, ukachukua kisu. Ukasema, "Kiragu nilimbeba mgongoni na nikamlea. Kama kuna mwenye haki kuliko mimi, akichukue hiki kisu." Hakuna aliyekichukua. Ukakata bega, ukaniletea. Baba akacheka, Wangechi. Hakuwa amecheka tangu Krismasi.

Halafu ukawaomba wazee wasikutaje, na baba yangu mdogo, Mzee Muigai, akajibu kwa niaba ya wote: "Sisi leo tumeona arusi. Aliyekata hatukumwona." Wakajitemea mate kifuani wote, neno likafungwa. Baba akafariki wiki hiyo. Gathogo alifika jioni, amelewa, kofia imetazama nyuma, akiuliza kama supu imebaki.

Mimi niliolewa siku ile kwa sababu ya mkono wako. Nimewaheshimu watu wengi, majenerali nimewaona wakipita kwa magari, lakini sijaona mtu mwenye moyo kama wako siku ile. Sasa nikaape ati ni Gathogo? Nipe ruhusa niseme kweli.

Wako,
Rosaline

Kanduyi, Bungoma
20 Mei 2024

Mama Nyaruai,

Nimechelewa kujibu. Huku kulikuwa na mafuriko, mtaro wa barabarani ukaingia kwenye kibanda, magunia mawili ya unga yakawa uji. Pia miwani yangu ilipasuka, kwa hivyo hiyo barua yako ndefu sikuisoma vizuri.

Absalom amepata dawa mpya ya goti. Derrick anakusalimu. Nimesikia kanisani kwenu mmepata mchungaji mpya, ni wa wapi?

Fanya kama nilivyosema. Gathogo ameshatafuta koti la kuvaa siku ya kwenda kwa chifu.

Wangechi

Kibomet, Kitale
2 Julai 2024

Wifi yangu,

Salamu. Mahindi yamefika kiunoni. Mchungaji mpya ni wa Kapenguria, anahubiri kifupi, watu wanampenda kwa hilo. Pole kwa unga, na pole kwa miwani, ingawa naona uliweza kusoma mpaka mwisho.

Bwana Kemboi aliwaita wazee wiki iliyopita. Gathogo mimi sikumwita. Alikuja mwenyewe na koti lake, akaketi mbele kabisa. Alipoulizwa, akaanza: jinsi alivyoamka alfajiri, jinsi alivyonoa kisu, jinsi mbuzi alivyokuwa na doa kwenye paji la uso. Alisema ati Mzee Gichuki alimshika mkono akalia. Nilitazama sakafu. Mwongo huyu ana kipaji, angeandikwa kazi redioni.

Kemboi akamgeukia Mzee Muigai, kwa kuwa ndiye pekee aliyebaki wa nyumba ya baba yangu. "Mzee, ulimwona huyu akikata?" Mzee Muigai akajibu, "Sikumwona." Akaulizwa, "Basi ulimwona nani?" Akajibu, "Aliyekata sikumwona." Wazee wengine wawili waliokuwapo siku ile wakaulizwa, na wao wakajibu maneno hayo hayo, mmoja mmoja, kama watoto wa katekisimu. Walikupa neno lao, Wangechi, na wamelitunza miaka yote hii. Hawakulivunja hata mbele ya serikali.

Nami nikaulizwa. Nikasema Gathogo hakukata. Nikaulizwa nani alikata. Nikanyamaza, kwa sababu ruhusa niliyokuomba hukunipa.

Kemboi akaweka kalamu chini. Si mtu mbaya. Aliniambia, "Mama, mimi nakuamini ulikuwa mke wa Sajini, Kibomet nzima inajua. Lakini nitaandikaje barua ya arusi ambayo binamu anasema hivi, mzee anasema vile, na bibi arusi mwenyewe amenyamaza? Hii barua inaenda Nairobi. Mkikubaliana, mrudi."

Nje langoni nilimlilia Mzee Muigai. Nilimuuliza kwa nini ananikana. Akaniambia, "Mwanangu, sikukukana. Neno ni la Wangechi. Yeye tu ndiye anaweza kuturudishia." Kisha akashika njia.

Sina la kukushurutisha. Nimeketi hapa kwenye nyumba ya Kiragu, kofia yake ya jeshi iko kwenye msumari, na kwa karatasi za serikali mimi ni mwanamke aliyekuwa akiishi na mtu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kukosa hizo pesa.

Nyaruai anakusalimu. Ameniletea chai nikiwa naandika, ndiyo maana kuna doa hapo juu.

Rosaline

Kanduyi, Bungoma
9 Julai 2024

Rosaline,

Leo sina habari za goti.

Umeandika Nyaruai amekuletea chai. Mwezi wa sita umeisha juzi, wenzake wako darasani, na yeye yuko jikoni kwako. Ulikuwa na barua nzima ya kuniambia mtoto amerudishwa nyumbani kwa kukosa karo na ukaona heri kuniambia habari za mchungaji. Ukaidi wako huo ndio Kiragu aliupenda, na ndio utanifanya nipate presha.

Na mimi nikwambie la kwangu. Miwani haikupasuka. Barua yako niliisoma mpaka nikaikariri. Sikutaka kutajwa siku ile kwa sababu nilikuwa nachumbiwa na Absalom, na nilijua watu wa kwao wakisikia mchumba wa kijana wao amekata mbuzi kama bwana arusi, watamcheka mpaka kaburini. Lakini hilo lilikuwa dogo. Kubwa ni wewe. Niliogopa siku moja mtu atasimama akuambie huna mume, kwa kuwa aliyekata ni mwanamke. Nikafikiri tukinyamaza sote, hakuna atakayepata pa kuanzia. Kumbe kunyamaza kwenyewe ndiko kumekunyima mume. Nimelia, Rosaline. Unga wa leo ulikandwa na machozi na wateja hawakujua.

Jana usiku nilimwonyesha Absalom barua yako. Unajua yeye akitaka nimsikie huongea sikioni mwangu kwa sauti ya mtu anayefukuza ng'ombe. Akasema, "Mama Derrick, hii maneno si mimi niriijua zamani? Kiragu mwenyewe ariniambia siku ya arusi yetu, akacheka mpaka akaria! Baba yangu arijua, mama yangu arijua. Mama arisema huyo msichana muoeni haraka kabura hajaenda kwa watu wengine!" Watu niliowaogopa miaka yote hii wamekuwa wakijisifu nami nyuma ya mgongo wangu, na mimi sina habari.

Mwambie Kemboi awaite wazee Jumamosi ya juma lijalo. Nakuja mwenyewe. Gathogo naye awepo, na aje na hilo koti.

Wangechi

Kibomet, Kitale
14 Oktoba 2024

Wifi yangu Wangechi,

Nakusalimu kwa furaha. Tunavuna. Uwani hapapitiki kwa mahindi, na kuku wamenenepa kwa wizi. Nyaruai amerudi chuoni. Absalom nimemtumia gunia la mahindi mabichi ya kuchoma, mwambie ni zawadi kutoka kwa bibi arusi wa mkewe. Atacheka.

Nianze na kubwa. Afisi ya pensheni imejibu. Barua ya chifu imekubaliwa, na mahali pa mke kwenye faili ya Sajini Kiragu sasa pana jina langu. Malipo yameanza kuingia. Yule mama mpole aliinua karatasi akanionyesha, na nilisoma jina langu mara nyingi mpaka aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni akaguna.

Sasa nataka kukueleza la siku ile ulipokuja. Tangu hapo nimekuwa nikingoja jibu la Nairobi ili nikuandikie yote pamoja. Uliingia kwa Kemboi na leso yako kiunoni, hukuketi, ukasema, "Wazee, neno mlilonipa nawarudishia. Semeni mlichoona." Ukamwambia Kemboi, "Mimi ndiye niliyekata. Masikio yangu hayasikii, kwa hivyo msihangaike kuniuliza. Waulizeni hawa." Ukatoka, ati chapati za jioni zinakungoja. Najua hukutaka kutazama nyuso zetu. Lakini hukusikia yaliyosemwa, na ni haki yako uyajue.

Wa kwanza alikuwa Mzee Muigai. Akasema, "Nilimwona." Alisema hivyo tu, na machozi yakamtoka mzee mzima. Akasema, "Chifu, nimechinja mbuzi tangu nilipoota ndevu. Wanaume wengi wakifika kwenye kile kiungo wanahangaika, wanatokwa jasho, mpaka mtu awashike mkono. Huyu alipitisha kisu mara moja, bega likatoka. Nimekaa na jambo hilo miaka hii yote na sikuwa na mtu wa kumsimulia." Wale wengine wawili wakadakia, kila mmoja anataka kueleza yeye alikuwa ameketi wapi na aliona vipi. Walikuwa kama watu waliofunguliwa pingu. Kemboi ilibidi agonge meza.

Kemboi akauliza, "Lakini Mzee, mila yenu inaruhusu mwanamke akate?" Hilo ndilo swali uliloliogopa. Mzee Muigai akamjibu, "Mila ilitaka mtu wa nyumba ya bwana arusi asimame mahali pake mbele yetu. Akasimama mmoja. Tulipokea bega, tukala, tukabariki. Ungetaka tulitapike?" Kemboi akasema hapana. Akachukua kalamu.

Gathogo akainua mkono. Akasema, "Chifu, mimi nirekebishe. Siku ile nilikuwa nimelewa, bana. Lakini supu niliikuta." Watu walicheka mpaka koti likamvuka bega. Nimemsamehe. Tangu siku ile anasimulia hadithi yako kila mahali, na sasa mbuzi ana madoa mawili.

Kemboi alimaliza kuandika, akatusomea kwa sauti: kwamba bega la mbuzi lilikatwa na Wangechi, dada wa bwana arusi, kwa niaba ya ndugu yake aliyekuwa kazini ng'ambo. Kisha akaniambia, "Mama, hii barua naiandika kwa fahari."

Kumbe muda huo wote ulikuwa umeketi nje uani. Wakati anasoma ndipo ukafika langoni, ukawa unahangaika na komeo, tunakuona kwa dirisha. Mzee Muigai akashika fimbo yake akainuka. Nilifikiri anataka kwenda haja. Akasimama wima, kofia mkononi, uso umeelekea dirishani. Wale wazee wawili wakainuka. Kemboi akainuka, na Gathogo na koti lake. Unajua wazee wetu hawainukii mwanamke, hata awe mama yao. Wewe ukafungua lango, ukalifunga vizuri nyuma yako, ukashika barabara bila kugeuka, na wao wakabaki wamesimama mpaka ulipopotea kwenye kona.

Ni mimi, mke wa ndugu yako,
Rosaline